Mashine Namba Sifuri

Mimi ni mtu wa kujisifu, na nalisema mapema ili msomaji asije akanishangaa katikati ya safari. Tabia hii nimeirithi kwa mama. Alikuwa akishuka gulioni na kabichi zake kutoka shambani kwetu Mgeta, huko juu Uluguru, na akirudi jioni anasimulia jinsi zilivyowashinda watu wote kwa ukubwa, na jirani yake mwenye kabichi ndogo amesimama palepale anasikiliza. Alisema mtu asiyejua kusifu kazi yake basi hakuifanya vizuri.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga. Nilikuwa ofisi ya mipango ya matengenezo katika kiwanda cha sukari chini bondeni, mahali ambapo asubuhi ikiwa haina mawingu unaiona milima ya kwetu kwa mbali. Mama aliponiuliza kazi gani hiyo, nikamjibu, "Kupanga."

"Kupanga nini? Vyombo?"

Nikamweleza. Kiangazi chote kiwanda kinasaga miwa, usiku na mchana. Masika yakiingia kinafungwa, mashine zote zinafunguliwa, zinasafishwa, kilichochakaa kinabadilishwa, kisha kila kitu kinarudishwa mahali pake kabla miwa mipya haijakomaa. Miwa haimsubiri mtu. Ikishakomaa ikaachwa shambani, utamu unapungua kila siku inayopita. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusema nani afungue nini, siku gani, kwa muda gani na kwa vifaa gani.

"Na mtu huyo ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Tangu siku hiyo Mgeta nzima ikatangaziwa kwamba binti yake ndiye anayewaamrisha mafundi wa kiwanda cha sukari. Majirani walikuwa wakicheka chini chini, maana nani aliwahi kuona mwanamke anawaamrisha mafundi? Mimi sikumsahihisha.

Enzi za shirika la umma ratiba yetu ilikuwa karatasi ndefu iliyobandikwa mlangoni pa karakana, na nilikuwa naichora kwa rula na penseli. Ukaja ubinafsishaji. Kiwanda kikapata wenyewe wapya, wenzetu wengi wakapunguzwa, na akaja meneja mgeni, mhandisi mrefu, mkavu, mwenye kutembea haraka hata akiwa haendi popote. Alituita wote bwalo la chakula, akasema kwa Kiingereza, ofisa utumishi akatafsiri. Msimu ule kiwanda kifunguliwe siku miwa itakapokuwa tayari, isizidi hata kidogo. Tukiweza, karakana yetu itaendelea. Tukishindwa, masika yatakayofuata kazi yote ya matengenezo watapewa wakandarasi kutoka nje, na karakana itafungwa.

Karakana ilikuwa ni mafundi mitambo, wachomeleaji, mafundi umeme, wachongaji vyuma na maseremala, pamoja na wake zao, waume zao na watoto waliojaa kota nyuma ya kiwanda. Karakana ikifungwa, kota nazo zinafungwa.

Meneja alikuja pia na kompyuta, ikawekwa mezani kwangu, nami nikapelekwa Dar es Salaam kujifunza programu ya kupangia matengenezo. Nilirudi kichwa juu. Programu ile ilikuwa na maswali kuliko mkwe. Kila kazi iliitaka namba ya mashine, idadi ya watu, muda, vifaa, na kazi gani itangulie ipi. Na kazi ikiisha, ukitaka kuifunga, ilikuwa inauliza swali la mwisho: itarudiwa lini? Maana hakuna mashine inayotengenezwa mara moja ikawa basi. Nilimsimulia mama nilipokwenda likizo.

"Na ikikuuliza usichokijua?"

"Naacha wazi."

"Inakubali?"

"Haikubali. Inaganda palepale mpaka uijibu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema angalau kuna kitu duniani chenye ukaidi kama wangu.

Nikaanza kukusanya makadirio. Nilimwendea kwanza msimamizi wa vinu, mzee wa Kipogoro ambaye alikuwepo kiwandani kabla yangu na kabla ya wengi, mtu asiyecheka ovyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu," nikamuuliza kulitoa rola la kinu cha kwanza, ile silinda nzito ya chuma inayokamua miwa, kulibadilisha beringi na kulirudisha kunachukua siku ngapi. Akanitajia siku nyingi mno. Nikaenda kwa wachomeleaji, hivyo hivyo. Mafundi umeme, hivyo hivyo. Nikayaingiza yote, kompyuta ikajumlisha, na jibu likatoka kwamba tungemaliza wakati miwa imeshazeeka shambani. Meneja aliutazama ukurasa akasema wakandarasi wamemwahidi nusu ya muda ule. Nilitoka ofisini kwake nimekasirika.

Sikuwakasirikia mafundi. Nilijua hawakunidanganya, ila nilijua pia kwamba rola halina mwezi mzima wa kazi ndani yake. Kesho yake nikarudi kwa mzee wa vinu, nikakaa juu ya gogo la mbao, nikabadilisha swali.

"Baba, siku ya kwanza unafanya nini?"

"Nasubiri kreni."

"Ya pili?"

"Kreni iko kwa watu wa boila. Nasubiri."

"Ya tatu?"

"Ya tatu nimeipata, nimelitoa rola. Sasa stoo hawana beringi. Nakwenda kwa wachongaji wanitengenezee bushi ya kushikiza mahali pa beringi. Nao wana foleni yao."

Nikaelewa. Kwa miaka yote ya uhaba shirika lilikuwa limewafundisha kusubiri, na walipoulizwa muda wa kazi walitaja kwa uaminifu muda wa kazi pamoja na wa kusubiri. Lakini sasa beringi zilikuwa zimeanza kuingia, mpya kabisa, ndani ya makasha yao, na stoo ilikuwa inanukia grisi mpya. Kilichobaki kuwa kimoja ni kreni, ile inayotembea juu ya reli zake chini ya paa la ukumbi wa vinu. Kila kizito kilinyanyuliwa nayo, na kila kikosi kiliigombania.

Mwendeshaji wake alikuwa Mnyamwezi, mtani wangu kama ilivyo kati ya makabila yetu mawili, na hakunipa nafasi ya kupumua. "Nyinyi Waluguru mmezoea kubebea kila kitu kichwani mkipanda mlima," alinipigia kelele kutoka kibandani kwake huko juu. "Leo mmeona faida ya Mnyamwezi!" Nikamjibu kwamba mababu zake walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, sasa yeye amepewa kreni bado hajui kuitumia. Tulitukaniana hivyo huku tunapanga, nikaivunja ratiba yote, nikaijenga upya kuizunguka kreni. Nani anaipata asubuhi, nani mchana, nani afanye kazi za mkono wakati zamu yake haijafika. Niliweka na sheria yangu moja, nikaiandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa: hakuna kubadilisha ratiba bila ruhusa. Aliyeibadilisha nilimfuata mpaka alipo, awe nani awe nani, na hata mzee wa vinu nilimsomea sheria hiyo mara moja mbele za watu.

Kompyuta ikajumlisha tena. Tungemaliza kabla ya miwa, na siku kadhaa zikabaki. Nilimpelekea meneja ule ukurasa kama mama alivyokuwa akizipeleka kabichi gulioni.

Akafurahi, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Akasema vizuri sana, siku zilizobaki atazitumia kupaka rangi ofisi. Nikamwambia siku zile zina wenyewe.

Hapo lazima nieleze jambo. Kiwandani kwetu mwenzetu akifiwa, kazi inasimama. Maseremala wa karakana wanaranda mbao za jeneza, lori linatolewa, wanaume kwa wanawake wanapanda, Waislamu na Wakristo, wanakwenda kuzika, iwe Dakawa, iwe Kisaki, iwe wapi. Hakuna aliyetufundisha, watu waliotoka mikoa yote wakakutana pale bila ndugu, walifanywa ndugu na kiwanda. Mwanzoni mwa masika yale mchomeleaji mmoja alifiwa na mkewe. Meneja akatoa amri kwamba waende ndugu wa damu tu. Siku ya maziko nusu ya karakana ilikwenda bila ruhusa, nusu nyingine ikawa imejipanga zahanati inaumwa malaria. Waliporudi walikuta barua za onyo. Ukumbi wa vinu ulikuwa umelala na bolti zake nusu zimelegezwa, na meneja alikuwa amepoteza siku zilezile alizotaka kuziokoa, na juu yake amepata chuki.

Niliona kwamba ratiba isiyojua msiba ni ratiba ya uongo. Kwa hiyo nikaiingiza kama kazi nyingine. Aina ya kazi: msiba. Watu: wote. Kifaa: lori. Muda: siku tatu. Programu ikaganda, ikataka namba ya mashine. Nikaijazia sifuri kwenye kila nafasi, ikakubali.

Ukurasa ulipobandikwa mlangoni pa karakana, asubuhi yake nilikuta watu wamejaa kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mzee wa vinu alikuwa mbele, kidole chake kimegusa mstari.

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

"Msiba, baba."

"Wa nani?"

"Bado sijui."

Lo! Ungedhani nimemwaga maji ya moto. "Bado hujui?" "Unatuchuria!" "Hiyo kompyuta imeona nini?" Mchomeleaji mwingine aliapa kwamba hataligusa tena lori la kiwanda. Mtani wangu alitangaza kwamba Mluguru ameipandisha mizimu yake kwenye nyaya za umeme. Mpaka mchana kota zote zilikuwa na habari, na wanawake wawili walikuja mlangoni kwangu kuuliza kwa upole kama majina ya waume zao yamo.

Mzee wa vinu aliniambia niufute mstari ule. Alisema kwa sauti ya chini, na hilo lilinitisha kuliko kelele za wengine.

"Baba, kuna msimu hata mmoja tumefunga kiwanda tusizike?"

Akatazama chini. "Hakuna. Ila hatukuwahi kuupanga."

"Na mara hii mlikwendaje? Mlikwenda mmejificha kama wezi wa kuku. Nataka mwende mchana kweupe, na lori mbele."

Akaondoka. Sikuufuta.

Meneja naye akaniita. Mashine namba sifuri ni mashine gani? Nikamweleza. Akasema katika maisha yake yote ya uhandisi hajaona mtu aliyepangia mazishi. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba wakandarasi wake hawatakuwa na misiba kwa sababu watakuja wakiwa wameacha jamaa zao kwao, na kama anataka mafundi wanaoishi hapa na wenye kuijua mitambo hii, basi awahesabu pamoja na jamaa zao. Akauvuta ukurasa karibu. Halafu akauliza swali la mhandisi, na hapo nikajua nimempata: siku hizo tatu kiwanda kitakuwa kinafanya nini?

Jibu nilikuwa nalo. Ndani ya boila kuna ukuta wa matofali ya kuhimili moto, na tulikuwa tunaujenga upya. Ukishajengwa hauruhusiwi kupata moto mkali mara moja, utapasuka. Unawashiwa moto mdogo wa kuni, unakaushwa polepole kwa siku kadhaa, na kazi hiyo haihitaji karakana. Inahitaji watu wawili watatu wa kuchochea na kuutazama. Mimi nilikuwa nimeagiza ukuta ujengwe mapema, kisha ukae bila kuwashwa. Msiba ukitokea, tunawasha. Usipotokea, tutawasha mwishoni. Watu watazika, matofali yatakauka, na siku haitapotea.

"Matofali hayana ndugu," nilimalizia, na hilo nililisema kwa Kiswahili.

Alitoa kalamu akapiga hesabu zake pembeni, akazirudia. Akakubali, kwa sharti kwamba ni mara moja tu na ni siku zile tu. Ikizidi, wakandarasi.

Wiki zikapita na hakuna aliyekufa. Hatukuwahi kujuliana hali kwa bidii namna ile. Mtu akikohoa, anashikwa bega na kupelekwa zahanati. Mlinzi mmoja mzee aliyekuwa na pumu alisindikizwa nyumbani kila jioni, hadi akalalamika kwamba wanamtazama vibaya. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri kupita nilivyotumaini. Marola yalitoka na kurudi, kreni ikawa haina mapumziko, na mtani wangu akawa anajigamba kwamba sasa hata meneja anamsubiri yeye. Ukuta wa boila ulijengwa ukakamilika, ukakaa, baridi, unangoja. Vinuni likabaki rola moja tu, la kinu cha mwisho.

Simu iliita ofisini kwangu mchana. Alikuwa mjomba, kaka yake mama, ameteremka kwa miguu na kwa gari mpaka Morogoro Mjini kutafuta simu. Alianza kwa kuniuliza hali yangu, hali ya kazi, hali ya mvua za huko. Nilijua kabla hajafika. Mama alilala akisema kichwa kinamgonga, na asubuhi hakuamka.

Nililia palepale, kibodi mbele yangu, mikono nimeiweka kichwani. Sitasema nililia kiasi. Niliona tu kwamba mtu pekee duniani aliyejisifu kwa ajili yangu ameondoka, na kuanzia sasa itabidi nijisifu peke yangu.

Nilipopata nguvu nilikwenda karakana. Jambo nililokuwa nalo kichwani ni lile rola. Lilikuwa limeshafungiwa minyororo ya kreni, na siku za miwa zilikuwa karibu. Nikamwambia mzee wa vinu kwamba nimefiwa na mama, nitakwenda na watu wachache tu, wengine waendelee na kazi, mimi nitaelewa.

Alivua kofia yake. "Pole sana, mwanangu." Halafu akanielekeza kidole kwenye ukurasa uliobandikwa mlangoni. "Pale pameandikwa watu wote. Nani amekupa ruhusa ya kubadilisha ratiba?"

Alikuwa amenisomea sheria yangu mwenyewe.

Wakalishusha rola wakalilaza juu ya magogo. Sauti ya randa ikaanza upande wa maseremala, na harufu ya mninga ikajaa karakana. Meneja alikuja mwenyewe kwenye boila. Wachocheaji wawili walikuwa wamekubali kubaki, akasema wa tatu atakuwa yeye, kwani wengine wote wanakwenda na yeye hana ndugu hapa. Akawasha kuni kwa mkono wake. Nilimwona amechuchumaa mbele ya tanuru na shati lake jeupe.

Barabara ya Mgeta wakati wa masika si ya kusimuliwa. Lori lilipanda likiteleza hadi mahali lilipokataa, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu, mvua nyembamba inatunyeshea, jeneza la mninga, zito hata likiwa tupu, mabegani. Nilikuwa nyuma na wanawake, nikitembea huku naona vibaya kwa machozi, lakini baada ya muda nikaona jambo. Mzee wa vinu alikuwa amewagawa kwa vikosi. Watu wa vinu, wenye mabega mapana, wanabeba kwenye mwinuko mkali. Wachomeleaji wanapokea pakiwa tambarare. Mafundi umeme wanatangulia kutafuta pa kukanyaga. Hakuna aliyesukumana na mwenzake. Na mtani wangu, ambaye hakubeba kitu, alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya jeneza, ameinua mikono yote miwili kama anaielekeza kreni. "Inua! Polepole... kushoto kidogo. Shikilia hapo hapo!" Nao wakamtii hatua kwa hatua.

Ndivyo tulivyoingia kitongojini kwetu. Watu walikuwa wametoka wote, wamejipanga juu ya matuta ya njegere. Waliona ovaroli za bluu zinapanda mlima, zinazidi kuja na kuja, karakana nzima, wamelowa, wametapakaa tope hadi magotini. Jirani wa zile kabichi ndogo alishika mdomo. Nilimsikia akimuuliza mwenzake, "Ndio hao anaowaamrisha?" Mwenzake akasema, "Ndio hao. Mama yake alisema, tukamcheka."

Mama yangu alikuwa amejisifu miaka yote ile bila kuwa na hata fundi mmoja wa kuwaonyesha. Siku ile niliwaleta wote.

Mjomba aliongoza mambo ya ukoo, katekista akaongoza sala. Ilipofika wakati wa kushusha jeneza, mtani wangu, kama watani wafanyavyo msibani, aliruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akafumba macho. Akasema hatoki mpaka Waluguru wamlipe, na kwamba kaburi lenyewe limechimbwa ovyo, halina hata msawazo. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kumzomea. Akafumbua jicho moja akamwelekea mama.

"Mama! Binti yako alitupangia siku hizi tukamwita mchawi. Kumbe masikini alikuwa anakutafutia wachukuzi! Na Mluguru hata akitafuta wachukuzi, hawezi bila Mnyamwezi!"

Nilicheka. Nilikuwa nalia na nikacheka, vyote kwa pamoja, mpaka shangazi mmoja akanishika nisianguke. Mjomba akatupa sarafu kaburini, mtani akaiokota, akatoka, na tukamzika mama vizuri sana.

Tuliporudi kiwandani, siku tatu zilikuwa zimetimia na ukuta wa boila ulikuwa umekauka bila ufa hata mmoja. Meneja alikuwa na masizi mpaka ndani ya masikio na macho mekundu ya moshi. Akanipa mkono akasema, "Pole sana," kwa Kiswahili, na niliona kwamba amekifanyia mazoezi. Asubuhi yake rola lilinyanyuliwa kutoka kwenye magogo, likaingia mahali pake kwa mkupuo mmoja. Boila ikapandishwa moto, mvuke ukaingia kwenye mabomba, na siku miwa ilipokuwa tayari, ving'ora vya kiwanda vililia na tela la kwanza likamwaga mzigo wake. Nilisimama na karakana yote tukiyatazama marola yanavyoisaga ile miwa, na nilijivuna hadharani bila kumwonea mtu haya. Meneja alipita karibu nasi akasema, bila kusimama, kwamba wakandarasi ameshawaambia wasije.

Mzee wa vinu alinisogelea. "Masika yajayo," alisema, "usije ukasahau kutuwekea siku zetu."

"Si mlisema nawachuria?"

"Mwanangu, uchuro ni kuzika peke yako."

Jioni ile nilibaki ofisini kuzifunga kazi zote ndani ya kompyuta, moja baada ya nyingine. Nje kiwanda kilikuwa kinanguruma na dirisha langu linatetemeka, sauti ambayo sisi watu wa kiwanda hulala nayo usingizi mzuri. Rola la kinu cha kwanza: limekamilika. Itarudiwa lini? Masika yajayo. Beringi, pampu, mota, ukuta wa boila, vyote nikavijaza. Mwisho ukabaki mstari mmoja, wa mashine namba sifuri. Nikaandika umekamilika. Kompyuta ikaniuliza kama ilivyoniuliza kwa mengine yote: itarudiwa lini?

Nikaacha wazi. Ikaganda.

Nilikaa pale nikiitazama. Nilitaka kuandika kamwe, kwamba kazi ile haina kurudiwa, kwamba mama ni mmoja na nimeshamzika. Lakini siku zile tatu hazikuwa za mama peke yake. Zilikuwa za mzee wa vinu, za mtani wangu, za mchomeleaji yule aliyefiwa na mkewe, za kila aliyekuwa na mtu wa kumlilia. Na kuzipangia tarehe ya mwaka ujao ilimaanisha kwamba mwaka ujao kutakuwa na karakana, na ndani yake watu wa kubebana.

Nikajaza masika yajayo. Ikakubali.